Kabla Hatujatoa Kishika Uchumba cha Coaster



Kila ikitangazwa ziara, kongamano au msiba wa mwenzetu mkoani, kitu cha kwanza kinachoulizwa kwenye grupu ni "gari shilingi ngapi kwa kichwa?" Ni swali halali. Wengi wetu ni wanafunzi, bodaboda, mama lishe na wamachinga, na buku tano inauma. Lakini hilo swali lingepaswa kuwa la tano. Yako manne ya kuuliza kwanza: gari ni la nani na lina leseni gani? Bima yake ikoje? Dereva ni nani? Mkataba uko wapi?

Mimi ni mwanafunzi wa sheria, bado sijawa wakili. Ninachoandika hapa ni mambo ambayo kijana yeyote anaweza kuyakagua mwenyewe akiwa na simu na dakika 20.

Tuanze na kinachotuumiza zaidi. Mei 6, 2017, basi dogo la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, Karatu, likiwa na watoto waliokuwa wanakwenda kufanya mtihani wa ujirani mwema. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva wakafa. Nchi nzima ililia. Baadaye mashtaka yaliyofikishwa mahakamani yaligusa mambo ambayo sisi tunayaona madogo: leseni ya usafirishaji, bima, kuzidisha abiria. Februari 2023, Korogwe, Coaster iliyobeba waombolezaji na jeneza kutoka Dar kwenda Kilimanjaro iligongana na Fuso usiku. Wasiopungua 17 walikufa. Walikuwa wanakwenda kuzika, wakazikwa.

Hizo hazikuwa safari za siasa. Zilikuwa safari kama zetu: kundi la watu wanaofahamiana, gari moja, siku moja. Basi la ruti lina stendi, lina mkaguzi, lina tiketi yenye jina lako. Gari la kukodi linaondoka nyuma ya ofisi ya kata saa 10 alfajiri na hakuna anayelikagua isipokuwa sisi wenyewe.

Kwa hiyo tukague. Angalia namba kwanza. Kibao cha njano ni gari binafsi, cheupe ni gari la biashara. Ukiona dalali anakuletea Noah au Hiace yenye kibao cha njano "kwa bei ya kishkaji", jua unapanda gari ambalo halijaruhusiwa kubeba abiria kwa malipo. Hata kama lina bima, bima hiyo imeandikwa kwa matumizi binafsi, na siku ya ajali kampuni ya bima ina sababu tayari ya kukataa kulipa. Utapona mguu umevunjika, halafu tuanze kuchangishana kwenye grupu.

Pili, leseni ya LATRA. Daladala la Gongo la Mboto lina leseni ya njia yake. Likitoka kwenda Morogoro na msafara wetu, linatakiwa liwe na kibali cha muda cha safari hiyo. Mwambie mwenye gari akuonyeshe kibali kabla ya siku ya safari. Asipokuwa nacho, mkisimamishwa Chalinze mtakaa juani wakati yeye anapiga simu kwa "mtu wake".

Tatu, bima. Stika siku hizi ni ya kielektroniki na inahakikiwa kwenye mfumo wa TIRA kwa namba ya gari. Fanya hivyo. Ukimaliza, ingia kwenye mfumo wa Polisi wa faini za barabarani, weka namba ileile, uone deni. Gari lenye rundo la faini linaweza kuzuiwa njiani, na hapo hakuna wa kumlaumu zaidi ya mfuko wa mwenye gari.

Nne, dereva. Leseni ya daraja D ni ya gari binafsi, haimruhusu mtu kuendesha Coaster yenye abiria. Anatakiwa awe na daraja C au C1, kulingana na idadi ya viti. Uliza pia kama ni dereva wa gari hilo au ni deiwaka aliyeitwa usiku wa manane baada ya kupiga ruti mchana kutwa. Safari ndefu inataka madereva wawili. Hapo tusibane matumizi.

Na lile la Fuso, jamani, tuliache. Lori ni la mizigo. Tunapowapandisha watu 60 juu ya bodi kwa sababu ni rahisi na picha zinapendeza, tunawachukulia kama mzigo, na sisi ndio tunaosema kila siku kwamba mwananchi ana thamani.

Sasa mkataba. Mwezi uliopita tawi letu lilikodi Coaster ya viti 29. Tukalipa nusu, kwa simu. Alfajiri ya safari ikaja Hiace moja na maelezo kwamba "ile nyingine imeharibika gia". Watu 12 wakabaki. Mwenye gari alipoulizwa habari ya fedha akajibu kwamba kishika uchumba hakirudi. Hivi nani alimwambia hakirudi?

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haisemi hivyo. Kifungu cha 10 kinatambua makubaliano ya watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, waliokubali kwa hiari, kwa malipo halali na lengo halali, kuwa ni mkataba. Hata ya mdomo yanaweza kuwa mkataba. Kifungu cha 73 kinampa aliyevunjiwa haki ya kulipwa fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo. Ile meseji ya muamala, na zile "sawa kiongozi, saa 10 nipo hapo", ni ushahidi. Dai la fedha la mkataba lisilozidi milioni 30 linaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo, kwa Kiswahili, bila kumlipa wakili.

Lakini kwa nini tufike huko wakati karatasi moja ingetosha? Iandikwe: namba ya gari na idadi ya viti, jina na simu ya mwenye gari na dereva, mahali na saa ya kuondoka na kurudi, mafuta, faini na posho ya dereva ni juu ya nani, kiasi kilicholipwa na kilichobaki, gari likiharibika nani analeta lingine na kwa muda gani, safari ikifutwa, kila upande unarudisha nini. Sahihi mbili, shahidi mmoja, basi.

Hicho kipengele cha mwisho kwetu sisi ni kizito kuliko kwa kamati ya harusi. Mnakumbuka Agosti 2024. Vijana wa upinzani walikuwa kwenye mabasi kuelekea Mbeya kwa Siku ya Vijana Duniani. Polisi wakapiga marufuku mkutano, mabasi yakazuiwa njiani, na Polisi wenyewe wakatangaza kuwashikilia zaidi ya watu 500. Tangu hapo mwenye gari akisikia neno "chama", bei inapanda au gari "linaharibika". Mimi simlaumu sana. Coaster ndiyo ada ya watoto wake. Ikilala kituoni wiki mbili, hesabu hailetwi na mkopo wa benki haungoji.

Ninaowalaumu ni wanaomtisha. Ibara ya 17 ya Katiba inampa raia uhuru wa kwenda atakako ndani ya nchi hii. Ibara ya 20 inampa uhuru wa kukutana na wenzake. Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, kifungu cha 43, inataka taarifa ya saa 48 kwa ajili ya mkutano wa hadhara au maandamano. Taarifa hiyo ni ya mkutano. Kupanda Coaster na kadi ya chama mfukoni si mkutano wa hadhara. Trafiki ana haki ya kuuliza leseni, bima na idadi ya abiria. Hana kazi na itikadi ya aliyekaa kiti cha nyuma. Zuio la mikutano liliondolewa Januari 2023. Likirudi kwa mlango wa nyuma, kwa kuwatisha wenye magari, bado ni zuio.

Na hapa ndipo karatasi zetu zinapokuwa silaha. Msafara wenye kibao cheupe, kibali, bima, dereva wa daraja sahihi na abiria wasiozidi viti unamnyang'anya askari kisingizio. Akitusimamisha, itabidi aseme sababu halisi, na sababu hiyo tutaiandika, tutaipeleka mahakamani. Msafara wa Fuso bila bima unampa sababu halali mkononi, na sisi tunabaki kupiga kelele za uonevu ambazo nusu yake tumejitengenezea.

Naomba uongozi wa vijana wa mkoa ufanye mambo matatu kabla ya ziara ijayo. Kwanza, utoe fomu moja ya mkataba wa kukodi gari itumike matawi yote. Nipo tayari kuiandaa na wenzangu wa kitivo. Pili, kila msafara uwe na mtu mmoja wa gari, anayebeba nakala za karatasi zote na orodha ya abiria yenye simu ya ndugu wa kila mmoja, na nakala ibaki ofisini. Tatu, itengwe fedha ya nyongeza ili tukodi gari zima badala ya gari rahisi.

Tunaomba kura za watu tukiahidi kuwalinda. Tuanze na wale 29 wa kwenye Coaster.