Kamera Isiyosikia

Kijana mmoja wa hapa Mombasa amenitaka shauri: anunue kamera gani ya kuwarekodi wazee waghanio tenzi, apate kuzitia YouTube? Ameshaipenda moja yenye picha za 4K. Nikamwuliza, ina tundu la maikrofoni? Hajui.

Utenzi, wasomaji wangu, ni mali ya sikio. Mizani 8 na vina vyake havionekani kiooni. Maikrofoni iliyomo ndani ya kamera husikia feni na upepo wa kaskazi (na kuku wa jirani) kabla ya kumsikia mzee aliyeketi hatua tatu mbali. Simu aliyo nayo, pamoja na maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kanzu, yamtosha. Fedha zitakazosalia na ziwe nauli ya Lamu, upesi, maadamu wangaliko wanaozighani kwa ghaibu.