Ufipa Haijulikani kwa Picha Moja

Wageni wengi wanaopiga picha Ufipa huzipiga wakati wa mvua. Nyasi ni za kijani hadi ukingoni mwa bonde, mawingu yametanda, na anayeshuka kutoka Sumbawanga kuelekea Ziwa Rukwa husimamisha gari ili atoe simu. Picha hizo ni nzuri. Hata hivyo, kwa maoni yangu, zinatueleza machache mno kuhusu nchi ile, na nasema hivyo nikiwa daktari ambaye kazi yake ya kila siku ni kusoma picha.

Katika radiolojia, picha moja ni ushahidi dhaifu. Kivuli kidogo katika pafu chaweza kuwa kovu la kifua kikuu cha zamani, na chaweza kuwa saratani inayoanza. Mara nyingi kinachotuongoza ni picha ya zamani ya mgonjwa yuleyule: kivuli kilichokaa miaka miwili bila kukua hupunguza hofu kwa kiasi kikubwa. (Kwa hiyo nawasihi wasomaji wasitupe picha zao za eksirei, hata zile zilizosahauliwa juu ya kabati.)

Uwanda wa Ufipa, ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari mjini Sumbawanga, hubadilika kiasi cha kumpotosha mtazamaji. Mvua huanza mnamo Novemba na kuisha Aprili au Mei. Juni na Julai ni miezi ya baridi kali. Nyasi hukauka, kisha moto wa kiangazi hupita na kuacha weusi. Atakayepiga picha Agosti ataamini kwamba ardhi imekufa. Kumbe Septemba na Oktoba, kabla ya tone la kwanza la mvua, miti ya miombo kwenye miteremko ya bonde huchipua majani mekundu kama shaba. Naudhika kidogo ninapoona watu wakisifia rangi za majani ya Ulaya ilhali hizi hawajapata kuzitazama.

Weusi wa Agosti, basi, ni hali ya msimu. Lakini Msitu wa Mbizi, unaokaliwa na mbega wekundu milimani karibu na mji, ni suala jingine. Moto ukila ukingo wa msitu hatua chache kila mwaka, anayepita hapo kila siku ndiye atakayechelewa kutambua. Vilevile Ziwa Rukwa, ambalo halina mto unaotoka, hupanuka na kunywea. Huko nyuma sehemu yake kubwa imewahi kuwa nchi kavu. Kutofautisha mzunguko wa kawaida na upotevu wa kudumu kunahitaji picha zilizopigwa mahali palepale, mwezi uleule, mwaka baada ya mwaka.

Wako watakaosema kwamba burudani ikishawekewa daftari inakuwa kazi. Sikubaliani nao. Kuandika tarehe, mahali na upande ulikoelekezwa kamera huchukua nusu dakika.

Kuhusu mbega, nina sharti moja la kitabibu: tumieni lenzi ndefu, wala msiwakaribie mkiwa na mafua. Huko Mahale, kaskazini zaidi kando ya Ziwa Tanganyika, wageni huvaa barakoa mbele ya sokwe kwa kuwa maradhi yetu ya njia ya hewa huwaambukiza.

Kwa watumishi wa afya wanaopangiwa kazi Rukwa, Septemba ni mwezi mzuri wa kuanza. Chagueni jiwe moja lenye kuonesha ukingo wa msitu, na mrudi hapo Machi.