Injini ya Kutafuta Imegeuka Kamagera

Wasee, tuseme ukweli. Kutafuta kitu mtandaoni siku hizi ni kama kufika steji ya magari ya mbali ukiwa na begi. Hata hujasema kama unaenda Kisii ama Kitale, tayari kuna msee ameshika hiyo begi: "Twende, twende, imebaki mmoja!" Unaingia unakuta abiria watatu, na wawili wamewekwa hapo kujaza viti. Kamagera hajakupeleka kwa gari inayotoka haraka. Amekupeleka kwa yule anayemlipa kwa kila kichwa.

Hiyo ndiyo kazi injini za kutafuta zinafanya sasa, na sisi bado tunazichukulia kama maktaba. Kitu cha kwanza ndicho jibu, si ndio? Nani hufika ukurasa wa pili?

Dadangu mdogo alikuwa ameitwa kazi, wakamwambia alete cheti cha polisi cha tabia njema. Akaandika swali kwa simu, akabofya ya kwanza. Ukurasa msafi, bendera ya Kenya iko, fomu iko. Akajaza jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu. Mwishoni akaitishwa mia nane ya "huduma", akatuma. Kumbe hiyo tovuti si ya serikali hata kidogo. Ni ya watu wa kujazia wengine fomu, na walikuwa pale juu kwa sababu wamelipia nafasi. Ada yenyewe ya serikali alikuwa bado hajalipa! Mia nane utaisahau. Lakini sasa kuna watu asiowajua wako na namba yake ya kitambulisho, na hiyo huwezi kuirudisha.

Najua kuna mtu atasema, "Si angeangalia, imeandikwa kuwa ni tangazo." Imeandikwa, sawa. Hebu tuone hayo maandishi yametoka wapi. Zamani kwa Google matangazo ya juu yalikuwa na rangi nyuma yake, hata ukiwa na usingizi unaona tofauti. Mwaka 2013 hiyo rangi ikaondolewa, kikabaki kibandiko kidogo cha manjano. 2016 kibandiko kikawa kijani, rangi ile ile ya anwani ya tovuti iliyo kando yake. 2020 kikawa neno jeusi tu. Tangu 2022 wameweka neno refu kidogo juu ya tangazo, angalau. Lakini ukiangalia hiyo safari yote, tangazo limekuwa likivalishwa nguo za jibu, pole pole. Hiyo si bahati mbaya, bana.

Na kinachoniuma ni kwamba walijua. Larry Page na Sergey Brin, wakiwa bado wanafunzi pale Stanford mwaka 1998, waliandika kwenye utafiti wao kwamba injini inayoishi kwa pesa za matangazo itaegemea upande wa wanaotangaza na kumwacha anayetafuta. Miaka miwili baadaye Google ikaanza kuuza matangazo.

Ukivuka matangazo, bado hujafika. Unataka kujua pilau ya kilo moja inataka maji kiasi gani. Unapewa kwanza historia ya pilau, halafu faida za mchele mwilini, halafu video inayojicheza yenyewe, na bando yako ya mbao inaisha kabla hujaona maji. Aliyeandika hakukuandikia wewe. Aliandikia injini, na kila aya ya ziada ni nafasi ya tangazo lingine.

Sasa uliza kwa Kiswahili, ndio utajua hujui. Kurasa nyingi ni tafsiri ya mashine, sentensi ambazo hakuna mtu wa Mombasa wala Kakamega angezitamka hata akiwa na homa. Mwaka 2024 watafiti, baadhi yao wa Amazon, walionyesha kwamba kwa lugha ambazo hazina maandishi mengi mtandaoni, sehemu kubwa ya yaliyopo imetafsiriwa na mashine. Yaani unatafuta dalili za ugonjwa wa mtoto kwa lugha yako, na unayekujibu hakuna.

Mbona basi hatuhami? Kwa sababu simu inakuja ikiwa imeshakuchagulia. Agosti 2024 jaji Amit Mehta wa Marekani aliamua kwamba Google ilivunja sheria ili kulinda ukiritimba wake kwenye utafutaji. Kesi hiyo ndiyo ilitoa siri kwamba mwaka 2022 pekee Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe chaguo la kwanza kwenye Safari. Bilioni ishirini! Kama una uhakika watu watakuchagua wenyewe, hiyo pesa yote ya nini?

Mimi siku hizi natumia ujanja kidogo. Kwa mambo ya serikali natazama anwani kwanza: kama haiishii na go.ke, natoka. Neno nisilotaka libadilishwe naliwekea alama za kunukuu. Kwa Google kuna kitufe cha Web, kimekuwepo tangu Mei 2024, ukikibonyeza unapata kurasa tupu bila jibu la AI pale juu. Kuna DuckDuckGo pia, ambayo haikufuati kila mahali, ingawa nayo huweka matangazo, msidanganyike.

Lakini mbona kazi iwe yangu? Sisemi matangazo yaishe. Hata kamagera ana watoto wa kulisha. Nataka mtu akiulizia cheti, pasipoti ama kitambulisho, tovuti ya serikali itangulie yule aliyelipa. Na ile rangi ya kabla ya 2013 irudishwe, iwe nzito kabisa, niione hata kwa hiki kioo changu kilichopasuka.