Faili Kubwa Halirudishi Kilichotupwa

Kwenye studio za chumbani, zile za magodoro ukutani na feni iliyozimwa isije ikaingia kwenye maiki, ubishi wa faili gani litumike hauishi. Majibu ninayoyasikia mengi yanapotosha.

"MP3 ya 320 na WAV ni kitu kimoja, hakuna sikio linalotofautisha." Kwa anayesikiliza ndani ya daladala, sibishi, hata mimi mara nyingi nashindwa. Ila anayetengeneza ana kazi nyingine. MP3 hupunguza faili kwa kutupa sauti ambazo, kwa hesabu zake, zimefunikwa na nyingine na sikio halitazinasa. Prodyuza naye kazi yake ni kufunua: anakata besi, anapandisha gitaa, anabana vokali, na kilichokuwa kimefunikwa kinajitokeza kikiwa na matundu. Kijana mmoja aliniletea biti aliyoihifadhi kwa MP3, akaifungua, akairekebisha, akaihifadhi tena kwa MP3, mara tatu au nne hivi. Nilipopandisha hai-hati kidogo tu, zikaanza kuchakarisha kama mtu anayekanyaga majani makavu. Halafu MP3 huongeza kimya mwanzoni mwa faili, mara nyingi milisekunde 25 hivi. Programu isipokikata, kipande cha ngoma kinachotakiwa kujirudia kitajikwaa kila kinapoanza upya, utadhani mpigaji kalewa.

"Basi igeuze iwe WAV, ubora utarudi." Haurudi. Wimbo wa dakika 3 kwa MP3 ya 320 una megabaiti 7 na ushei. Ukiugeuza kuwa WAV ya kiwango cha CD unafika 32 hivi. Kilichoongezeka ni uzito mtupu. Makapi ya muwa hayatoi maji kwa kuhamishiwa ndoo kubwa.

"FLAC nayo inabana, kwa hiyo inaharibu." Inabana, haitupi. Ukiifungua, namba zote unazikuta kama ulivyoziacha. Mimi naitumia kuhifadhia kazi zilizokwisha.

"Wakubwa wanarekodi kwa kilohezi 192, nasi tufuate." Hapa ndipo watu wanapochosha laptopu bure. Kiwango cha CD, sampuli 44,100 kwa sekunde, kinabeba masafa hadi hezi 22,050, na sikio changa lenye afya linaishia karibu na 20,000. Ukiwa mtu mzima, hata huko hufiki. Panapofaa kuongeza ni kwenye biti (si midundo jamani, ni zile za kupimia sauti). Biti 16 zina nafasi ya desibeli kama 96, biti 24 kama 144. Chumba chako chenye jogoo wa jirani hakiwezi kuijaza nafasi hiyo, lakini inakuruhusu kurekodi chini chini bila hofu: mwimbaji atanong'ona ubeti, kisha apasue kiitikio bila taa nyekundu kuwaka.

"WAV zinamaliza diski." Tupige hesabu. Wimbo wa dakika 4, treki 20 za mono, biti 24 kwa kilohezi 48: megabaiti 700 hivi. Flashi ya gigabaiti 64 inabeba zaidi ya nyimbo 80 za namna hiyo. Ambaye bado anakosa nafasi aanze kwa kufuta video za vichekesho.