Vita vya Panzi na Elimu ya Kunguru

Ipo kauli ipendwayo na wataalamu: elimu haina taifa, na vita visiwatenge watafiti wa nchi mbalimbali. Ni kauli tamu masikioni. Ila sisi wa Msimbati, tunaolala na kuamka tukiutazama mlango wa Ruvuma, tuna haki ya kuuliza: elimu hiyo isiyo na taifa, jua likichwa hulala nyumba ya nani?

Tukumbushane ya Tendaguru, kwa jirani zetu wa Lindi. Mwaka 1906, Vita vya Majimaji vilipokuwa havijazimika, mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Sattler, aliiona huko mifupa ya madinosaria. Mashamba na maghala yalikuwa yametiwa moto na jeshi la mkoloni, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Mwaka 1909 ukaja msafara wa Berlin, ukachimba hadi 1913. Waliochimba ni mamia ya wenyeji. Wapagazi wakaibeba mifupa mwendo wa siku nne hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zikavuka bahari. Dinosaria mmoja, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na yuko huko hadi leo.

Mwaka 1914 Werner Janensch alimpa dinosaria huyo jina la brancai, kumuenzi Wilhelm von Branca, aliyehimiza michango ya msafara kule Berlin. Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, alingoja hadi 2007 ndipo dinosaria mwingine akaitwa bohetii. Miaka 93!

Wako watakaosema wapagazi walilipwa. Naam, walilipwa. Lakini aliyechomewa ghala, akipokea ujira kwa dola ile ile iliyolichoma, hakuuza jasho lake kwa hiari. Ameuza njaa yake. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Lugha yetu imekwisha kuamua kesi hii. Kushirikiana kuna kiambishi cha kutendana: mimi kwako, wewe kwangu. Pale Tendaguru watu hawakushirikiana na mtu; walishirikishwa. Mfasiri anayeyafanya maneno hayo mawili kuwa moja si mfasiri, ni wakili.

Kwa nini nayafukua haya? Kwa kuwa vita vingine viko ng'ambo ya mto. Vilianza Cabo Delgado Oktoba 2017. Oktoba 2020 vikavuka hadi Kitaya, katika mkoa wetu wa Mtwara. Machi 2021 Palma ikashambuliwa. Nasi upande huu tunayo, tangu 2000, Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Samaki na mikoko havijui mpaka. Hatuwezi kuvichunguza bila kushikana mikono na wa ng'ambo, na wageni wenye vyombo. Sisemi tufunge mlango.

Nasema hivi: kibali cha mwenye bunduki si ridhaa ya mvuvi. Mvuvi aliyekimbia hajaridhia, amenyamazishwa. Kinachochukuliwa pwani yake leo kiandikwe, kitunzwe mahali anapopafikia, kielezwe kwa lugha yake, naye arejeapo awe na uwezo wa kusema hapana. Asiyeweza kukataa hajashirikiana.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki hiyo isingoje miaka 93.