HISA ZA KINYWAJI CHA AFYA

Ndugu Wafanyakazi wa Isiolo,

Maziwa ya ngamia twayajua: ni afya, na hata Eastleigh, Nairobi, yanauzwa. Lakini kinywaji kizuri si dhamana ya hisa nzuri. Mwaka 2017 kampuni ndogo ya chai baridi huko Marekani, Long Island Iced Tea, ilijiita Long Blockchain, na bei ya hisa ikapanda karibu mara tatu. Jina jipya halikujaza chupa hata moja. Mwaka 2018 ikaondolewa katika soko la Nasdaq; mwaka 2021 hisa zikafutiwa usajili.

Basi ukiletewa hisa zilizo nje ya soko la Nairobi, uliza: Hesabu zilizokaguliwa ziko wapi? Mamlaka ya Masoko ya Mitaji imeruhusu? Nikitaka kuuza, nani atanunua?

Muuzaji asipojibu, mshahara wako ubaki mfukoni. Kibaba tulichokijaza haba na haba tusikimwage kwa siku moja.