Kabla akatwe kichwa, apimwe kumbukumbu

Wasee, leo hakuna video. Hii nimeona niandike.

Jumamosi nilitoka Kitale na matatu ya asubuhi hadi Bungoma, kwa khocha. Binamu yangu ana kifafa tangu darasa la tatu. Dawa amebadilishiwa mara tatu na bado anaanguka. Sasa daktari anasema upasuaji unaweza kumsaidia, lakini kwanza arudi hospitali apimwe kumbukumbu. Khocha akawaka: “Mtoto ni mgonjwa, mtihani wa nini? Hizo pesa si ziende kwa upasuaji!” Kila mtu akaitikia. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili ningesema nini kuhusu mitihani? Nikanyamaza. Basi naongea hapa.

Khocha, kwa heshima, hapo umekosea.

Mwaka 1953 huko Marekani, daktari William Scoville alimpasua Henry Molaison, kijana wa miaka 27, kumtibu kifafa. Alimtoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili. Kifafa kilipungua sana, lakini kuanzia hapo hakuweza kushika jambo jipya. Mtafiti Brenda Milner alimchunguza miaka mingi, na kila wakikutana ilikuwa kama mara ya kwanza. Alikufa 2008.

Siku hizi hukatwa upande mmoja tu, lakini hatari bado ipo. Kwa watu wengi upande wa kushoto ndio unashika maneno na majina. Na anayepoteza zaidi mara nyingi ni yule ambaye kumbukumbu yake ilikuwa nzuri.

Huo mtihani hauna kupita wala kufeli. Unasomewa orodha ya maneno, unayarudia, unafanya mengine, halafu kama nusu saa baadaye unaulizwa tena. Unasimuliwa hadithi, unachora. Daktari anaona upande gani umechoka na upande gani unabeba mzigo. Baada ya upasuaji unapimwa tena, ijulikane kilichobadilika.

Na muulize: utafanywa kwa lugha gani? Binamu yangu anawaza kwa Kibukusu, anafanya biashara kwa Kiswahili, na Kiingereza kilimpita akiwa nyumbani mgonjwa. Mpe maneno ya Kiingereza ashindwe, hapo umepima Kiingereza chake. Halafu karatasi itaandika kumbukumbu yake ni mbovu, kwa hivyo hana cha kupoteza. Kumbe anacho, na ni kingi.

Sisemi asipasuliwe. Kifafa chenyewe kinakula kumbukumbu, na kuanguka kando ya jiko au mtoni kunaua. Upasuaji wenyewe pia si ndoto ya Ulaya. Pale Mbale, ng'ambo ya mpaka tu, hospitali ya CURE imeufanya, na ripoti ya madaktari ilitoka 2009.

Lakini binamu yangu anauza mboga soko la Chwele. Hana daftari. Nani ana deni, la pesa ngapi, tangu lini, yote iko kichwani. Hiyo ndiyo kazi yake. Labda atakubali kupoteza kidogo ili aache kuanguka. Ni sawa, mradi aambiwe mapema na aamue mwenyewe, si sisi kwa mkutano.

Khocha, tuchange pesa ya mtihani kwanza. Mimi natoa elfu mbili.